Sarafu za kale za hapa au sarafu za kigeni: ukiwa Dodoma uanze na zipi?

Anayeanza kukusanya sarafu hapa Dodoma hufika mapema kwenye njia panda. Upande mmoja ziko sarafu za kale zilizotumika katika nchi hii: heller za Mjerumani, senti za tundu za Mwingereza, shilingi za mwenge za mwaka 1966. Upande wa pili ziko za kigeni, kuanzia shilingi za Kenya na Uganda hadi yuro na robo dola za Marekani. Wengi wetu hatuna fedha wala muda wa kubeba pande zote mbili kwa uzito mmoja. Anayeokota kila kinachong'aa huishia na kopo zito ambalo hata yeye mwenyewe hakumbuki kilichomo.

Watu huuliza upande upi una faida. Mimi ningeuliza kwanza: utamwonyesha nani? Mkusanyiko hukua kwa kuonyeshwa. Mtu aliyewahi kuketi nawe mkazitazama ndiye atakayekukumbuka siku atakapokuta sarafu ndani ya sanduku la bibi yake. Kwa hiyo katika ulinganisho huu nitawaangalia zaidi watu hao. Bei, utunzaji na hatari ya kuuziwa bandia vitafuata.

Zinakopatikana

Hapa sarafu za kigeni zinashinda bila ubishi. Maduka ya kubadilisha fedha kwa kawaida hupokea noti tu, kwa hiyo anayerudi kutoka safari hubaki na chenji isiyo na kazi. Dodoma ina watu wengi wa aina hiyo: watumishi wa wizara wanaokwenda nje kikazi, wahadhiri na wanafunzi wa vyuo, madereva wa malori wanaopita kuelekea Singida, Nzega na kuvuka hadi Rwanda na Burundi. Uliza tu kazini au kanisani au msikitini. Ndani ya muda mfupi utaletewa za nchi kadhaa, nyingi zikiwa za bure.

Za kale zinahitaji subira na adabu. Shilingi na senti za miaka ya 1960 na 1970 bado zimo katika makopo ya vifungo na mikoba ya zamani. Za Mwingereza zinapatikana kwa kuulizia. Za Mjerumani ni chache zaidi, na zikitokea huwa na mwenyewe anayejua kwamba ameshika kitu. Usiende kwa mzee ukiwa na pochi mkononi. Salimia, kaa, ongea, na ikiwa sarafu ni kumbukumbu ya marehemu mumewe au baba yake, omba kuipiga picha tu. Bibi akikubali kukuuzia rupia ya madini ya fedha, mwambie ukweli kwamba ni madini ya fedha, na mlipe kwa haki. Kumpa bei ya soda kwa sababu hajui ni wizi.

Hadithi zilizomo

Katika jambo hili mizani inalala upande wa kale, na kwa mtu wa kanda ya kati inalala sana.

Chukua heller. Misafara ya karne ya 19 iliyopita Mpwapwa na kuvuka Ugogo ililipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa vitambaa na shanga. Sarafu zilikuwa zaidi mambo ya pwani. Huko ndiko ilikozunguka reale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya madini ya fedha, pamoja na rupia ya India na ile sarafu ndogo ya shaba iliyoitwa pesa, ya Sultani Barghash, yenye picha ya mizani. Kampuni ya Wajerumani ilipoanza kutoa pesa yake ya shaba mwaka 1890 iliweka tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, na mwaka ukaandikwa kwa Hijria: 1307. Waliotaka sarafu ikubalike walijua nani anaisoma. Kisha ikaja kodi ya kibanda mwaka 1898, na watu wa bara wakalazimika kuitafuta rupia hata kama sokoni kwao walikuwa bado wanabadilishana mtama kwa mbuzi. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 hesabu ikabadilishwa, ikawa heller 100. Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910, sarafu iliyokuwa mkononi mwa kibarua ilikuwa hiyo: heller yenye taji upande mmoja na thamani ndani ya shada la majani upande wa pili. Itazame vizuri utaona herufi ndogo, A ikiwa imepigwa Berlin, J ikiwa Hamburg.

Halafu ikaja vita kuu ya kwanza. Meli za Waingereza zilifunga bahari na sarafu mpya hazikuweza kuletwa kutoka Ujerumani, kwa hiyo mwaka 1916 Wajerumani wakapiga za kwao katika karakana ya reli pale Tabora. Walipiga heller 5 na heller 20 za shaba, zenye sura ya haraka haraka na mara nyingi kingo zisizo sawa. Walipiga pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo aliyeinua mkonga na milima nyuma yake. Dhahabu hiyo ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba, mkoani Singida wa leo. Julai mwaka huo majeshi ya Mwingereza yakaingia Dodoma, na Septemba Wabelgiji wakaichukua Tabora. Heller 20 ya Tabora, ile ya shaba ya kawaida, ndiyo ningemshauri mtu wa kanda hii aitafute kabla ya sarafu nyingine yoyote ya Kijerumani. Imezaliwa kwenye reli yetu, na kwa kuwa ilipigwa nyingi bado inanunulika. Ile ya dhahabu tuwaachie wenye uwezo mkubwa na mzani mzuri.

Za Mwingereza nazo zina mengi. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, ikajaribu florini kwa muda mfupi, na kuanzia 1921 ikashika shilingi. Simba aliyesimama mbele ya milima yumo kwenye shilingi na kwenye thumuni, yaani senti hamsini. Ndururu (senti tano) na senti kumi zina tundu katikati na pembe mbili za ndovu pembeni, na wazee watakwambia jinsi walivyozitunga kwenye uzi ili zisipotee. Kwa kuwa tundu limekaa mahali pa uso, sarafu hizo zilibeba jina la mfalme bila sura yake, na hapo ndipo palipotokea jambo la pekee. Mwaka 1936 Edward wa Nane alitawala kwa muda usiofika mwaka kisha akajiuzulu. Uingereza kwenyewe sarafu zenye sura yake hazikuingia kwenye mzunguko, lakini senti kumi za Afrika Mashariki zenye jina lake zilipigwa na kutumika. Leo mkusanyaji wa London anaitamani, na huku kwetu huenda imo ndani ya kopo la misumari. Soma maandishi yanayozunguka tundu: ukiona EDVARDVS VIII, iweke pembeni.

Ukiwa na kadhaa utaanza kuona mabadiliko madogo. Shilingi za kwanza hadi katikati ya miaka ya 1940 zina robo ya fedha halisi. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tupu. India ilipopata uhuru mwaka 1947, maneno ya kumtaja mfalme kuwa mtawala wa India yakaondolewa kwenye sarafu zilizofuata. Wakati wa vita kuu ya pili baadhi zilipigwa Bombay na Pretoria, ndiyo maana utakuta herufi I au SA karibu na mwaka. Mwaka 1964 zikatoka ndururu na senti kumi zisizo na jina la mtawala yeyote. Benki Kuu ilifunguliwa Juni 1966, zikaja zetu: senti tano yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, senti hamsini yenye sungura, na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge. Senti kumi yenye pundamilia na kingo za mawimbi ilikuja baadaye, 1977.

Nimerefusha hapa kwa sababu utajiri uko hapa. Sarafu za kigeni kila moja ina historia yake pia, tena ndefu, ila aliye Makole au Chang'ombe lazima akaitafute kitabuni. Ya kale ya hapa inasimuliwa na mtu aliyeitumia.

Hata hivyo za kigeni zinaweza kupata nguvu ukizifuata kwa uzi mmoja. Uzi ninaoupenda ni majirani na wanyama. Uganda mwaka 1998 iliweka ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu kwenye shilingi 100 na korongo mwenye taji kwenye 500. Waonyeshe wafugaji wa Bahi au Mvumi huyo ng'ombe uone mjadala wa pembe utakavyowaka. Kenya, kwa kuwa katiba yao ya 2010 inakataza sura ya mtu kwenye fedha, ilitoa mwaka 2018 sarafu za twiga, kifaru, simba na tembo. Ziweke kando ya zetu: sh. 50 yenye kifaru na mtoto wake, sh. 100 yenye swala, sh. 200 yenye simba, sh. 500 yenye nyati. Nchi mbili zina wanyama walewale, moja ikiwaweka viongozi upande wa pili na nyingine ikiwaondoa. Uzi mwingine ni umbo. Sh. 50 yetu ina pembe saba sawa na peni 50 ya Uingereza, ambayo ilitoka kwa umbo hilo mwaka 1969. Uzi wa tatu ni yuro, ambayo ina uso mmoja wa pamoja na uso mwingine wa kila nchi, kama Austria ilivyomweka Mozart kwenye yuro moja.

Kuna chache zilizo pande zote mbili. Reale ya Maria Theresa ni ya Austria, ina mwaka 1780 hata ile iliyopigwa zaidi ya miaka mia moja baadaye, na bado ilikuwa fedha ya Unguja na ya Uhabeshi. Mimi naiweka kwenye ukurasa wa hapa.

Nani achukue upi

Ukiwa na wazee karibu, ukiwa na asili ya Kondoa, Manyoni, Kongwa au Mpwapwa na unakwenda nyumbani mara kwa mara, anza na za kale, na anza na za Mwingereza na za 1966 kabla ya kuwaza za Mjerumani. Mpe mzee senti kumi ya tundu aishike, umuulize ilinunua nini. Atakwambia habari za duka la Mhindi, za kodi, za safari ya kwanza ya treni. Andika. Hayo hayamo katika katalogi yoyote, na walioyaishi wanapungua.

Ukiwa mwalimu, au mzazi mwenye watoto wa shule ya msingi, au mgeni uliyehamia Dodoma na huna jamaa wa kuwauliza, chukua za kigeni. Mtoto hasisimki kwa mwaka 1942. Anasisimka kwa mnyama, kwa tundu, kwa maandishi asiyoyajua, kwa ramani. Sarafu kumi za nchi kumi mezani zinatosha somo zima la jiografia, na ikipotea moja hakuna anayelia.

Kijana mwenye fedha kidogo anayetaka kubadilishana na watu wa mbali naye aanze na za kigeni, lakini aweke akiba ya za kwetu alizo nazo zaidi ya moja. Hizo ndizo fedha yake ya kubadilishia. Mtu wa Ulaya ana yuro mfukoni, anachotaka kwako ni simba, nyati na mwenge.

Bei na bandia

Za kigeni za kawaida hazina thamani kubwa na kwa hiyo hakuna anayehangaika kuzighushi. Hilo ni pumziko kubwa kwa anayeanza.

Upande wa kale kuna mitego miwili. Wa kwanza ni maneno ya mitandaoni kwamba shilingi ya mwenge au senti fulani ya Nyerere inatafutwa kwa mamilioni. Zilipigwa kwa wingi sana. Iliyochakaa haina bei ya kutikisa, na iliyobaki mpya inapendwa na wakusanyaji lakini haijengi nyumba. Pamoja na hayo kuna wanaodai kuwa rupia fulani ina nguvu za ajabu na wanakutaka utoe fedha ya kuipima kwanza. Huyo ni tapeli, ondoka.

Mtego wa pili ni bandia halisi, hasa rupia za fedha, reale na dhahabu ya Tabora. Nenda na sumaku: fedha, dhahabu na shaba hazinaswi. Nenda na mzani mdogo wa sonara: rupia ya Mjerumani ina takriban gramu 11.66, reale takriban 28, rupia 15 ya dhahabu takriban 7.17. Ikipungua au kuzidi kwa wazi, iache. Sumaku hiyohiyo inafaa kwa kuonyesha watoto, kwani shilingi ya 1966 haishikwi, na shilingi zilizotoka kuanzia 1987 za chuma kilichopakwa nikeli zinarukia.

Na kuna ambazo hazinunuliwi kabisa. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba karne nyingi kabla ya Mjerumani, na hutokea mtu akakuletea alizofukua. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya namna hiyo, na kuchimba bila kibali ni kosa. Mwelekeze makumbusho.

Kuzitunza katika hali ya hewa ya hapa

Tuna bahati. Mvua za Dodoma ni za Desemba hadi Aprili na miezi mingine hewa ni kavu, kwa hiyo shaba haioti ukungu wa kijani upesi kama inavyotokea kwenye chumvi ya Dar es Salaam au Tanga. Za kale, ambazo nyingi ni za shaba na fedha, hufaidika zaidi na ukavu huu. Za kigeni za siku hizi mara nyingi ni chuma kilichopakwa madini mengine, na mpako ukichubuka hushika kutu. Ziweke mbali na za shaba, na tupia humo vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Adui wetu ni vumbi. Lina mchanga mwembamba, na anayelifuta kwa kitambaa anaikwaruza sarafu bila kujua. Lipulize, au suuza kwa maji safi na ukaushe kwa kugusisha kitambaa laini bila kusugua. Ndimu, majivu, dawa ya meno na sabuni ya unga ya kusugulia masufuria viache jikoni. Rangi ya kahawia kwenye heller ni ngozi yake. Ukiing'arisha, mkusanyaji mwingine ataikataa, na hakuna namna ya kuirudisha.

Epuka mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali, maana baada ya muda huacha utando wa kijani unaonata. Bahasha ndogo za karatasi zinatosha kwa anayeanza. Kwa za kuonyesha tumia kurasa ngumu za albamu zisizo na harufu hiyo.

Kuonyesha na kubadilishana

Tandika kitambaa mezani ili ikidondoka isigonge saruji. Mfundishe mgeni kushika kwa kingo, vidole visiguse uso. Za kigeni za bei ndogo ziachie mikono ya watoto, zipite kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Ndiyo raha yake. Za fedha na za Tabora zionyeshwe zikiwa ndani ya mfuko wake mgumu, na ziwe chache. Kuonyesha sarafu tano zenye maelezo kunamkaa mtu kichwani kuliko kumfungulia albamu nzima.

Kwa walio mbali, picha za simu zinatosha. Weka sarafu karibu na dirisha asubuhi, mwanga uje kwa ubavu ili maandishi yainuke, piga pande zote mbili na rula kando yake. Katalogi ya Numista mtandaoni ni ya bure na itakusaidia kutambua za kigeni zenye maandishi usiyoyasoma. Usitaje mtaa unaokaa, wala usipige picha ya mkusanyiko wote pamoja na sebule.

Ukibadilishana, kubalianeni kwanza kwa picha zenye hali halisi, mikwaruzo ikionekana. Andika nyuma ya bahasha imetoka kwa nani, lini, na alisema nini kuihusu. Kwa posta, uliza kaunta kwanza masharti ya kutuma sarafu, chukua huduma iliyosajiliwa, na uzibane kwenye kadibodi ili zisisikike zikigongana ndani ya bahasha.